Siku Rungu la Kitale Lilipokwenda Bungoma

Rungu la baraza la mji wa Kitale lilikuwa na uzito wa ndama. Anayebisha hajawahi kulibeba. Mimi nililibeba miaka ile ya elfu mbili na kitu, kabla mabaraza ya miji hayajavunjwa, na hadi leo bega langu la kulia liko chini kidogo kuliko la kushoto, kama mizani ya mwuza nyama.

Lilikuwa la mti mweusi, limevishwa shaba kichwani. Shaba hiyo niliisugua kwa majivu na ndimu hadi diwani mmoja akawa anajitazama humo kuchana nywele kabla ya kikao. Likiingia ukumbini, kila mtu husimama, na hakuna anayeketi mpaka nilitue juu ya vishikio vyake viwili vya mbao pale mezani. Hapo ndipo kikao huwa kikao. Bila rungu, wale walikuwa wazee waliokutana kunywa chai. Karani wa mji, mtu mwembamba aliyeongea kama anasoma taarifa ya habari, alinipa masharti siku ya kwanza: lisiguse sakafu, lisilazwe popote ila kwenye vishikio vyake, lisishikwe na mtu mwingine.

"Hata nyumba ikiungua," alisema, "unatoka nalo."

Kazi hiyo niliipata kwa mwili na kwa cheti. Mwili nilipewa na Mungu. Milango mingi ya Kitale naingia kwa ubavu. Cheti nilikipata shule ya jioni, nikiwa na ndevu, kwenye dawati la watoto lililokuwa likilia kila nikiinama kuandika. Na shule hiyo ililipwa na maziwa. Mama yangu alifuga ng'ombe nje kidogo ya mji, na kila asubuhi alibeba mikebe yake ya maziwa mabichi, akapita mahoteli ya karibu na msikiti, akapita nyumba za walimu, akamalizia sokoni. Kila mteja alichemsha kwake. Mji mzima wa Kitale uliamka kwa maziwa ya mama yangu. Sawa, robo ya mji. Lakini ile robo inayoamka mapema.

Basi siku moja ukaja mswada kutoka Nairobi.

Karani aliusomea madiwani mimi nikiwa nimesimama ukutani na glavu zangu nyeupe. Ulisema, ukiutoa maneno ya mawakili, kwamba maziwa yatakayouzwa mjini lazima yawe yametoka kiwandani, ndani ya pakiti. Mengine yote yamwagwe. Na wa kuyamwaga ni baraza la mji.

Nilihisi damu ikishuka hadi kwenye soksi. Baraza la mji ni nani? Si ni sisi! Askari wa kanjo, wale wa baraza niliokunywa nao chai kila asubuhi, ndio wangempindulia mama yangu mkebe, mchana kweupe, mimi nikitazama na kofia ya baraza kichwani.

Jioni nikamweleza mama. Alikuwa anaosha mikebe.

"Watamwaga wapi?"

"Kwenye mtaro, mama."

"Maziwa?"

"Maziwa."

Akasugua kwanza. "Hao watu walinyonyeshwa na nani?"

"Lakini bado ni mswada. Haujawa sheria."

"Kwani tofauti ni gani?"

Hapo elimu ya jioni ikanifaa. "Mswada ni mimba," nikamwambia. "Sheria ndiyo mtoto. Sasa hivi bado wanauliza watu maoni."

"Na baraza lenu linasema nini?"

"Litakaa."

"Likae haraka," akasema, akafunika mkebe kwa nguvu hadi kuku wakaruka. "Mimi hii ndiyo shamba yangu, hii ndiyo pensheni yangu. Nikinyang'anywa mkebe nitakuja kukaa kwako, na hicho kitanda chako ni kidogo."

Kikao cha kujibu mswada sitakisahau. Nimeona mikutano ya injili iliyojaza uwanja, lakini ukumbi wetu siku ile ulijaa hadi watu wakakaa madirishani kama njiwa. Wauza maziwa wa Kitale nzima walikuja, wengine kutoka njia ya kwenda Suam, na mikebe yao mitupu magotini. Nikaingia na rungu. Wote wakasimama pamoja, na ule mlio wa mikebe kugongana, bana, nywele zilinisimama hadi za mikononi.

Nyuma yangu akaja Meya. Huyu alikuwa mtu wa kuuza misumari na mabati, mfupi, mpole, mwenye duka karibu na stendi. Dukani alisema "ndiyo" na "hapana" na "misumari ya inchi ngapi" basi. Lakini akivaa joho lake jekundu na mkufu wa umeya, ule wenye nembo ya mji kifuani, kitu kilimwingia. Sauti ilitoka chini kama ya trekta.

"Baraza linaanza," akanguruma. "Tuseme tunakubali au tunakataa, na tuseme kwa nini."

Walikuwapo madiwani wawili ambao hawakuwa wamewahi kukubaliana hata kama leo ni Jumatatu. Mmoja alikuwa mwanamke wa wadi ya soko, mwingine mzee wa chama kingine, mwenye fimbo. Yule mama akaanza: "Bwana Meya, watu wangu wananunua maziwa ya kikombe. Mtu wa kikombe utamwambia anunue pakiti, na ile ingine akaweke wapi, kwa mfuko?"

Mzee wa fimbo akasimama. Sote tukajua sasa ni vita. Akasema, "Bwana Meya. Mimi huyu mama sijawahi kumsikia akisema kitu ya maana."

"Heshima, Diwani," Meya akanguruma.

"Leo amesema."

Ukumbi ukapasuka. Wauza maziwa walikuwa wameonywa na Karani kwamba jukwaa la wananchi haliruhusiwi kutoa neno, na kweli hawakutoa neno. Waligonga vifuniko vya mikebe. Ng'ombe wote kutoka Kitale hadi mpaka wa Uganda lazima waligeuka kutazama.

Lakini afisa wa afya akaomba kusema, na hapo furaha ikapungua. Alisema maziwa machafu yanaleta homa, na amewaona wagonjwa kwa macho yake, na wale wanaochanganya maji ya mto wako, wanajijua. Hakuna kifuniko kilichogongwa. Mama yangu alikuwa safu ya mbele, nikamwona anaitikia kwa kichwa. Ikawa sasa si kupiga kelele tu. Walibishana hadi chai ikapoa, na mwisho wakatoka na jibu lao: Kitale inakataa kumwaga, lakini inakubali kupima. Muuzaji apimwe afya, mkebe uwe wa bati safi usioshika uchafu, maziwa yapimwe mlangoni mwa soko kila asubuhi, na mwenye kufaulu avae beji ya baraza. Wakapiga kura kwa mikono. Mkono wa mzee wa fimbo na wa mama wa soko ilipanda pamoja. Nilijiambia, kama huu si muujiza basi hata ile ya kwenye Biblia niitilie shaka.

Karani akasema kamati ya Bunge itakuja Bungoma kwa siku moja kusikiliza miji ya upande wetu. Kila mji una zamu yake. Zamu ikipita, imepita. Meya atasoma jibu, na shahidi mmoja wa wauzaji atasema neno. Wauzaji wakaulizwa ni nani. Hawakujibu, kwa sababu hawakuruhusiwa. Walimsukuma mama yangu mbele hadi akajigonga kwenye meza ya baraza.

Tulisafiri kwa Land Rover ya baraza, alfajiri, kupitia Kiminini na Webuye. Mama alikuwa na mkebe wa maziwa yaliyochemshwa magotini, mimi rungu magotini, na Meya mbele na sanduku la mkufu magotini. Tulikuwa kama watu wanaopeleka watoto kliniki. Karibu na Mabanga tukakuta msiba mkubwa kando ya barabara, mahema na magari hadi shambani. Dereva akapunguza mwendo, Meya akavua kofia.

"Kijana," akaniuliza baadaye, bila kugeuka, "umewahi kuongea mbele ya wabunge?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Mimi pia." Akapapasa sanduku. "Nikivaa hii, siogopi mtu. Nikiivua, hata mke wangu namjibu nikiangalia chini."

Mama akamwambia, "Basi vaa, baba."

Akavaa tulipofika. Joho, mkufu, kofia. Tukajipanga mbele ya ule ukumbi wa Bungoma: mimi na rungu, Meya, mama na mkebe. Watu wa bodaboda wa baiskeli wakaacha wateja wao kuja kututazama. Nilikuwa nimeinua mguu wa kwanza, nakuapia, mguu ulikuwa hewani, afisa mmoja wa itifaki akatokea mlangoni, mikono imefunguka kama anafukuza ng'ombe.

"Simama hapo! Wapi ruhusa?"

"Ruhusa ya nini?" Meya akauliza kwa sauti ya trekta.

"Ya mkufu, Mheshimiwa. Hapa ni Bungoma. Kwa mji wa mwenzako huwezi vaa mkufu wala kuingiza lungu kama Meya wa hapa hajakubali. Hiyo ni kama kuingia kwa boma ya mtu na mkuki."

Kumbe ni kweli. Ni desturi ya mameya wote, waliyoachiwa na Waingereza. Karani wetu alikuwa anaijua, na Karani wetu alikuwa kitandani na malaria.

"Basi muulize Meya wako," nikasema.

"Amezima simu. Ako matanga."

"Wapi?"

"Mabanga."

Meya akaanza kuvua. Nilimtazama akipungua. Kofia ikatoka, joho likatoka, mkufu ukarudi sandukuni, na pale mbele yangu akabaki yule mtu wa misumari, amevaa sweta. Sauti nayo ikarudi dukani. "Mimi hivi siwezi," akasema polepole. "Bila mkufu siwezi."

Mama akanitazama. Mkebe aliukumbatia kama mtu aliyesikia kelele ya mwizi.

Zamu yetu ilikuwa mchana. Land Rover ilikuwa imepelekwa kuzibwa pancha. Nikamwendea kijana wa bodaboda.

"Niaje, mkubwa. Hiyo kombe mmeshinda wapi?"

"Si kombe. Twende Mabanga."

Akanitazama kutoka juu hadi chini, safari ndefu. "Wewe na hiyo kitu? Au nibebe wewe halafu nirudie hiyo?"

Rungu halishikwi na mtu mwingine, hata nyumba ikiungua. Tukaenda wote watatu. Baiskeli ililia kuliko lile dawati langu la shule, na penye kupanda nilishuka nikakimbia kando yake, rungu begani, glavu nyeupe, jasho kama mvua ya Aprili. Wanawake waliokuwa wanapalilia walisimama kutazama. Mmoja akapiga goti kidogo, sijui aliniona kama nani.

Kwenye ule msiba nilitaka tu kupenya taratibu nimnong'oneze Meya wa Bungoma. Mtu wa ukubwa wangu hapenyi. Mshereheshaji aliniona kutoka mbali, akaona shaba ikiwaka juani, akashika kipaza sauti.

"Wapendwa, serikali imefika! Serikali imetuma alama yake kumuaga mzee wetu! Tusimame!"

Wakasimama. Umati ule, ukiniuliza, ulikuwa nusu ya mkoa wa Magharibi. Nikapitishwa katikati hadi kwenye jeneza. Nikainamisha kichwa mbele ya marehemu ambaye sikujua hata jina lake. Wajukuu wakanipisha, mjane akanishika mkono wa glavu akalia, na mimi, mwili wote huu, nikalia pia, kwa kweli, kwa sababu pale hakukuwa na uongo wowote, kulikuwa na mtu amekufa na watu wanampenda. Nikapewa kipaza sauti.

"Kitale inawapa pole," nikasema. Nikarudisha kipaza sauti.

"Amina!" wakajibu.

Nikaketishwa kando ya mtu mnene wa suti ya kijivu, leso mdomoni, mabega yakimtetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa ndiye Meya wa Bungoma, na alikuwa anacheka hadi machozi.

"Wewe mtu wa Kitale," akaninong'oneza, "mwenzangu amekosa mahali pa kukutuma?"

Nikamweleza yote: mswada, mkufu, mlango, mama na mkebe. Akaacha kucheka mama alipoingia kwenye habari.

"Mama yako mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mheshimiwa."

"Mimi nilisoma kwa maziwa ya shangazi," akasema. Akainuka, akaaga kwa kichwa, akaniongoza nyuma ya migomba hadi kwenye kichuguu kirefu. "Hapa tu ndipo mtandao hushika." Akavua viatu, akapanda kichuguu na suti yake, akanyoosha simu juu kama anamwonyesha Mungu, na nikamsikia akipiga kelele: "Waache waingie! Na mkufu, na rungu, na kila kitu! Nimekubali!"

Kama kuna picha ya utawala ninayoibeba moyoni, ni ile: meya mzima juu ya kichuguu, soksi zake za bluu, akiniombea njia.

Kijana wa bodaboda alirudi kwa kasi ambayo sitaki kuieleza, msije mkasema naongeza. Lakini nilipofika ukumbini, mlango ulikuwa umefungwa. Miji miwili ilikuwa imekosa kufika, na Kitale ilikuwa imeshaitwa.

Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Wabunge walikuwa wamekaa jukwaani nyuma ya meza ndefu, na ukumbi ulikuwa umejaa. Na katikati, amesimama, alikuwa Meya wetu. Sweta. Hana mkufu. Sanduku liko miguuni. Alikuwa anasema, kwa sauti ile ya misumari ya inchi ngapi: "Sisi Kitale hatumwagi. Tunapima." Alisoma jibu lote, neno kwa neno, akiangalia chini. Akalimaliza. Halafu akasema, "Sasa shahidi wetu," akaketi kama mtu aliyevuka mto kwa miguu. Mama akasimama.

"Waheshimiwa," mama akaanza. Mbunge mmoja alikuwa anaangalia saa. Mwingine alikuwa ameegemea nyuma, macho yamefumba nusu. "Mimi ni mama wa kuuza maziwa."

Hapo afisa wa itifaki akanigusa begani. "Bosi alipiga ofisini, nimeambiwa sasa tu. Ingia. Ingia na hiyo lungu!"

Ningengoja? Labda ningengoja. Lakini miguu iliyozoea kutii ilikuwa imeshatii. Mlango ukafunguka na mimi nikaingia kama ninavyoingia Kitale, taratibu, rungu begani, shaba juu, matope hadi magotini.

Ukumbi wote ukasimama. Na wabunge, ambao maisha yao yote husimama rungu likiingia, wakasimama bila kuwaza, yule wa saa na yule wa usingizi, wote, mikono ubavuni.

Nikafika nyuma tu ya mama. Na hapo nikagundua kwamba hakuna vishikio. Vilikuwa Kitale, juu ya meza yetu. Lisilazwe popote ila kwenye vishikio vyake. Lisiguse sakafu. Nikabaki nimelishika. Nao, kwa kuwa rungu halijalazwa, wakabaki wamesimama.

Mama alikuwa amewapa mgongo watu wa ukumbini. Hakuniona. Aliwaona tu wabunge wakiinuka wote kwa pamoja mara aliposema yeye ni mama wa kuuza maziwa.  Akaweka leso yake sawa begani. Kisha akaendelea, na ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, ya chini, isiyo na haraka.

"Asanteni. Mimi nimeosha mkebe tangu nikiwa msichana. Kama kuna mwenye kuharibu maziwa, mniambie mimi, nimshike mkono niwaletee. Mnipime mimi. Mpime mkebe. Mpime ng'ombe. Lakini msimwage. Mwenye kumwaga maziwa ya mtu hajui mtu aliamka saa ngapi. Haya ni yangu. Yamechemshwa. Mkitaka, onjeni."

Mkono wangu ulikuwa unakufa ganzi. Ndama alikuwa amekuwa fahali. Niliapa nitalishika hadi amalize, hata kama ataanza na Mwanzo amalizie Ufunuo. Mwenyekiti wa kamati akapokea kikombe kutoka kwa mama, akanywa akiwa amesimama, akampa wa kando yake, naye akanywa. Hakuna aliyeangalia saa.

Ndipo mama wa kufagia ukumbi akaleta viti viwili, akavitazamisha migongo, nikalaza rungu juu ya migongo hiyo. Bunge likaketi.

Njia ya kurudi mama alisafiri na mkebe mtupu magotini hadi Webuye. Kisha akasema, "Mliona walivyosimama?"

Nikafungua mdomo nimweleze habari ya rungu na masharti yake. Mkono wa Meya ukatoka kiti cha mbele, ukanishika goti, ukanibana kama kibano cha duka lake.

"Tuliona, mama," akasema, na sauti ilikuwa ya trekta, na sanduku lilikuwa bado limefungwa. "Mimi sijawahi kuona kitu kama hicho."

Na ukinipeleka mahakamani nitaapa hivyo hivyo. Wangeweza kuketi nilipolaza rungu na kuendelea na usingizi wao. Hawakulala. Waliuliza maswali hadi jua likaelekea Malaba, na mswada uliporudi kutoka Nairobi, miezi mingi baadaye, kile kifungu cha kumwaga hakikuwamo. Mahali pake palikuwa na kupima.

Asubuhi ya kwanza ya kupima sokoni, askari wa kanjo alichovya kipimo chake ndani ya mkebe wa mama, akakiinua, akatikisa kichwa kukubali, akambandika beji kifuani. Mama akanyoosha mgongo, akangoja.

"Nini tena, mama?" askari akauliza.

"Wenzako wa Bunge," mama akamwambia, "walisimama."

Askari akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniona mimi na kikombe changu cha chai. Nikampa ishara. Akainuka kutoka kwenye kigoda chake, na mimi nikasimama pia.